Kona ya Spana: Pikipiki Inagoma Asubuhi, Oili ya Gari na Maji ya Jangwani

Mwezi huu mmeandika kweli, na nusu ya barua zinafanana: pikipiki imeanza kusumbua, ikapelekwa kijiweni, kikabadilishwa hiki kikabadilishwa kile, hela imeisha na ugonjwa uko palepale. Kwahiyo swali la kwanza leo ntalikalia sana, mengine tutapita nayo harakaharaka, msininunie.

SWALI: Habari fundi. Nina pikipiki ya Kichina, injini 125 ile ya mtindo wa CG, sio ya biashara, naendea kazini Posta na wikiendi natoka nayo na wenzangu mpaka Bagamoyo. Asubuhi inagoma kuwaka, napiga kiki mpaka shati linalowa, ikiwaka inakohoa, halafu nikisimama foleni ya Mwenge inazima. Fundi kabadilisha plagi, kabadilisha koili, kabadilisha CDI, sasa anasema tufungue injini tuangalie ringi. Nimpe? (Mdau, Tegeta)

JIBU: Usimpe. Sio kwamba ringi, zile pete za pistoni, haziishi, zinaisha, ila angalia alichofanya mpaka sasa. Plagi, koili na CDI vyote vitatu ni habari ya cheche, na hakuna mahali umesema alipima kama cheche ipo au haipo. Kupima kwenyewe ni dakika moja. Unatoa plagi, unairudisha kwenye kofia yake, chuma chake unakigusisha na injini, mbali na lile tundu ulikoitoa na mbali na petroli yoyote, unawasha swichi unapiga kiki ukiwa kivulini. Ukiona cheche ya bluu inaruka bila kusitasita upande wa umeme hauna kesi, acha kuununulia vitu. Na ukiwa nayo mkononi isome hiyo plagi: ya kahawia iliyofifia injini ina afya, nyeusi ya masizi makavu inakunywa mafuta mengi, nyeusi iliyolowa oili hapo ndo tuanze kuulizana habari za ringi, nyeupe kabisa ina njaa ya mafuta na inachemka.

Ringi nazo zina dalili zake. Moshi wa bluu, oili inapungua na chini hakuna tone, ule mpira wa kupumulia wa injini unatoa moshimoshi. Hujataja hata kimoja. Wewe umetaja kugoma asubuhi na kuzima kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kutiwa mafuta, na kwa injini hizi mi nikisikia hayo mawili pamoja naanza na tapeti, ule uwazi mdogo kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu yenyewe, halafu nahamia kwenye kitundu kidogo cha kabureta.

Hiyo injini yako ukoo wake ni Honda CG125 iliyotoka 1976. Honda waliitengeneza kwa nchi ambazo pikipiki inabeba mizigo na sevisi inakuja siku hela ikipatikana, wakaacha cheni ya taimingi ya kupanda juu, wakaweka fito za kusukumia valvu, Wachina wakaikopi na mpaka leo ndo injini unayoikuta kila kijiwe. Inavumilia mengi ila tapeti haisamehe. Valvu kadiri inavyokula kiti chake ndo inavyozama, na ule uwazi wa tapeti unapungua taratibu, na ubaya ni kwamba ikibana haipigi kelele. Ikilegea ndo inalia, na watu wanaogopa kelele, basi fundi anaikaza mpaka iwe kimya, mteja anafurahi anatoa na hela ya soda. Aisee, bora tapeti inayolia kidogo kuliko iliyonyamaza kabisa. Iliyobana hairuhusu valvu ifunge sawasawa, kompresheni inavuja, asubuhi ndo kama hivyo unaloa jasho kabla hujafika kazini, na valvu ya ekzosi isipokaa vizuri kwenye kiti chake haipati pa kupeleka joto, inaungua, na hapo sasa injini itafunguliwa kweli.

Kuset unaweza mwenyewe, Jumapili asubuhi kabla hujaiwasha, maana injini lazima iwe imelala usiku kucha imepoa mpaka ndani. Toa plagi ili izunguke kirahisi. Fungua kava la juu la roka. Kava la kushoto kwenye sumaku nyingi zina vifuniko viwili vya kufungua kwa bisibisi pana, zingine hazina, itabidi ulitoe kava lenyewe. Weka gia ya juu, pandisha stendi kubwa, halafu zungusha tairi la nyuma kwa mkono kwenda mbele, polepole, huku unachungulia mpaka ile herufi T ya kwenye sumaku ilingane na alama ya kwenye kava. Hapo pistoni iko topu, yaani juu kabisa. Sasa usikimbilie spana. Shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise, zote mbili zinatakiwa zicheze kidogo. Moja ikiwa imebana na nyingine inacheza, uko topu isiyo yenyewe, T hiyo inakuja mara mbili kwenye mzunguko mmoja wa kazi, zungusha sumaku raundi nzima nyingine uje tena.

Ukishakuwa na uhakika chukua fila geji, vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi. Kipimo kwa ukoo huu mara nyingi ni milimita 0.08 lakini angalia kitabu cha pikipiki yako, kinatofautiana, na kama kitabu kilibaki dukani basi tafuta cha modeli hiyohiyo. Legeza nati, ingiza jani la geji kati ya skrubu na kichwa cha valvu, kaza skrubu mpaka jani liwe linavutika kwa kushikashika kidogo, lisiteleze bure na lisikwame. Halafu sehemu ambayo wengi wanaharibu ni hii: unapokaza nati ile skrubu inazunguka nayo, ulichopima kinapotea. Kwahiyo skrubu unaishikilia kwa mkono mmoja, nati unaikaza kwa mwingine, halafu unaingiza tena geji kupima upya. Ikiwa imebana, unalegeza unarudia. Hata mafundi wazuri wanarudia, usione aibu.

Ukimaliza tapeti njoo kwenye kabureta. Silensa inalishwa na jeti ndogo, kitundu chake chembamba mno, na petroli ikikaa inaacha utomvu unakiziba, sasa ukijumlisha na yale mafuta ya kwenye chupa za maji barabarani ambayo hujui yalikaa wapi na yalichanganywa na nini, haishangazi. Vinasaba vya kwenye mafuta viliwekwa tangu 2010 ili kudhibiti uchakachuaji, ila chupa ya barabarani haina wa kuipima. Fungua kikombe cha chini, toa jeti, ioshe kwa petroli, ipulize kwa upepo, inyanyue juani uchungulie, uone duara la mwanga. Usichokonoe na waya wala sindano, kitundu kikitanuka kidogo tu pikipiki inaanza kunywa mafuta na hutajua kwa nini. Na tafadhali, kazi hii usifanyie karibu na jiko la mkaa la mama, wala ukiwa na sigara.

Ukifika hapo na bado inagoma, ndo pima kompresheni. Kuna geji ya kufunga kwenye tundu la plagi, wenzako wa wikiendi mnaweza kuchangia mkanunua moja. Mkono wa kutilia mafuta unauzungusha mpaka mwisho, unapiga kiki mpaka mshale usimame, unaandika. Kisha unatia kama kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, unapima tena. Ikipanda sana, fundi wako alikuwa sahihi, ni ringi na silinda. Isipopanda ni valvu, na kubadilisha ringi kusingekusaidia kitu. Hiyo karatasi yenye namba mbili ndo umpelekee.

SWALI: Shikamoo fundi. Jirani yangu wa gari kanipa oili nzuri ya gharama, imeandikwa 5W-30 na maneno ya kubana matumizi ya mafuta. Nikaweka kwenye Boxer yangu. Sasa nikipandisha kilima nikiwa na mama watoto nyuma injini inalia kwa nguvu ila mwendo hamna. (Baba Mapacha, Mbezi Mwisho)

JIBU: Marahaba Baba Mapacha. Klachi inateleza. Kwenye gari oili ya injini inakaa na injini tu, klachi iko kivyake nje kavu. Pikipiki yako injini, giaboksi na klachi vinaoga beseni moja. Zile oili za gari za kubana matumizi zinatiwa vitu vya kupunguza msuguano, vizuri kwa gari, lakini klachi yako inaishi kwa huohuo msuguano.

Geuza chupa nyuma utafute maneno JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani kilichoanza 1998 kwa ajili ya pikipiki zenye klachi inayolowa oili. Ukiona MB hiyo ni ya skuta za otomatiki, iache. Uzito wa oili fuata kitabu, kwa joto letu la Dar wengi wanatumia 20W-50 na haina neno kama kitabu kinairuhusu.

Sasa ufanyeje. Kwanza angalia waya wa klachi kabla hujalaumu oili peke yake: mkono wa klachi unatakiwa ucheze bure kama milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta, ukikosa mchezo huo klachi inakaa imekanyagwa nusu muda wote, inateleza hata na oili halali. Ukiona hapo pako sawa, pasha injini moto kidogo, mwaga yote, weka ya MA, tembelea kama wiki, mwaga tena uweke mpya. Mara nyingi inarudi. Isiporudi zile sahani zimeshaungua, zibadilishwe na springi zake zipimwe.

Bolti ya kumwagia oili inaingia kwenye alumini, ianze kwa vidole mpaka ifike mwisho ndo ushike spana, maana ikikatika uzi hapo huna Jumapili tena. Wosha yake weka mpya. Karibu lita moja inatosha kwa nyingi za saizi yako, usijaze kwa kukisia, pima kwa kijiti pikipiki ikiwa wima sio imelalia stendi ya pembeni. Na oili chafu usimwage mtaroni, weka kwenye dumu, akija fundi wa kenchi ataiomba mwenyewe apake mbao mchwa wasile.

SWALI: Ebwana fundi, juzi kwenye mvua nimepita Jangwani nikajua maji ya kifundoni, kumbe yamefika kwenye plagi, ikazima katikati. Vijana wamenisukuma mpaka ng'ambo. Iko uani, sijaigusa. Jirani anasema niipige kiki tu itakauka yenyewe. (Kijana wa Kigogo)

JIBU: Jirani asikusogelee. Maji yale yalishawahi kufurika mpaka kwenye karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani, sembuse wewe. Umefanya vizuri kutoigusa, ila pia usiiache wiki nzima, ndani kutu inaanza haraka.

Shida ya maji ni kwamba hayabanwi. Hewa pistoni inaibana, maji hayakubali, kwahiyo kama silinda ina maji na wewe unapiga kiki kwa hasira, au mbaya zaidi unabonyeza stata, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Toa plagi kwanza. Kisha kanyaga kiki taratibu kwa mguu mwepesi, uso wako usiwe usawa wa tundu, uone kama linatema maji. Endelea mpaka liteme hewa tupu.

Halafu chomoa bolti ya oili uitazame inavyotoka. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, weka oili ya bei ndogo, usiiendeshe, ila utaiwasha dakika chache tu ukishamaliza haya yanayofuata, umwage tena, ndo uweke ile nzuri. Ukiona ya pili nayo bado ina weupe, rudia. Najua inauma mfukoni, ila beringi za injini zinauma zaidi.

Filta ya hewa kama ni ya karatasi na imelowa, nunua nyingine. Kama ni sponji ioshe kwa sabuni, ikauke kivulini, ipake oili kidogo uikamue. Lile boksi lake lipanguse, usirudishe filta safi kwenye boksi lenye tope. Kabureta ina skrubu ya kumwagia chini ya kikombe, ifungue. Tenki: maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, kwahiyo chomoa mpira wa mafuta, kinga kwenye chupa nyeupe uiache itulie, ukiona mstari na kitu kingine chini yake ujue bado, endelea kukinga. Betri itoe waya, hasi ikitangulia, fungua soketi za waya moja moja uzipulize upepo. Breki za dramu zifungue, mule ndani kuna mchanga wa Msimbazi mzima. Cheni ipake upya. Ndo urudishe plagi kavu uwashe.

Na unawe mikono na sabuni, maji yale sio ya mvua peke yake.

SWALI: Cheni mpya kabisa, haijamaliza mwezi, inalia na nikitia mafuta ghafla inaruka. Sproketi nimebakiza zilezile maana bado zina meno. (Temeke)

JIBU: Zina meno ya cheni ya zamani. Cheni ikiisha viungo vinatanuka na meno yanaliwa yafuate huo mtanuko, cheni mpya ikija haikai mahali pake, inakalia migongo ya meno na yenyewe inakufa mapema. Nunua seti: cheni, ndogo ya mbele, kubwa ya nyuma. Ujue pia namna ya kupima kabla hujaenda dukani: nyingi zetu ni cheni za saizi 428, kiungo kimoja milimita 12.7, kwahiyo viungo 20 pini hadi pini cheni ikiwa imevutwa ni milimita 254. Ikikaribia 259 muda wake umekwisha.

Mchezo wa katikati ya cheni nyingi wanataka milimita 20 mpaka 30, na pima pale inapobana zaidi, maana cheni haichakai sawa, zungusha tairi utafute hapo. Ile loki ya kuungia cheni, upande uliofunga ndo unatazama inakoelekea cheni. Kusafisha tumia mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Tairi zungusha kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Kuna watu wanaweka gia namba moja injini inazunguka halafu wanashika kitambaa kwenye cheni. Sitaki hata kueleza kinachotokea kwenye vidole.

SWALI: Stata inasema tik, tik, kisha kimya. Nimeambiwa ninunue betri. Ni kweli? (Mama Junior, Tabata)

JIBU: Labda, mama. Mita ya umeme ile ndogo haizidi bei ya betri, nunua hiyo kwanza. Pikipiki imezimwa na imepumzika, betri nzima ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6 hadi 12.8. Chini ya 12 ina njaa au imekufa. Ichaji, pima tena kesho yake. Sasa iwashe kwa kiki, tia mafuta kiasi, pima palepale kwenye betri: ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 chaji inaingia vizuri. Ikibaki 12 na kitu haichaji, ukinunua betri mpya nayo itaisha vilevile, tafuta rektifaya, kile kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji, au waya wa sumaku. Ikipita 15 rektifaya inaikaanga betri. Kabla ya yote hayo lakini angalia vichwa vya betri kama vina ukungu wa kijani au vimelegea, maana hiyo tik tik mara nyingi inaishia kwenye bolti moja ya namba 10. Na kama ni betri ya kuongeza maji, inaongezwa maji yaliyosafishwa tu, asidi haiongezwi.

SWALI: Breki ya diski mbele imekuwa laini, mkono unafika mpaka kwenye usukani. Mafuta yamepungua, nimeambiwa hata oili ya sterlingi inafaa. (Mbagala)

JIBU: Haifai, haifai, haifai. Mpira wa ndani ya masta silinda na kalipa umetengenezwa uishi na mafuta ya breki, ukiuwekea oili ya petroli unavimba unaharibika, na breki itakukataa siku unaihitaji. Angalia kwenye kifuniko kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, weka hiyohiyo, kutoka kopo jipya ambalo halijafunguliwa, kwa sababu mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani na Dar unyevu tunao wa bure. DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike nyuzi 230, ikishanyonya maji kipimo chake ni 155 tu. Yakichemka ndani unabana hewa badala ya kubana diski.

Ila jiulize kwanza yamepungua kwa nini. Pedi zikiisha mafuta yanashuka yenyewe kidogokidogo, hiyo kawaida, badilisha pedi. Kama pedi bado nene, kuna mahali panavuja, na hapo pikipiki isitoke nje ya geti. Ulaini wenyewe ni upepo, utolewe kwa ile nipo ya kalipa, kiskrubu chenye tundu cha kutolea upepo, na mpira mwembamba kwenye chupa: bana mkono, fungua nipo, funga nipo, achia mkono, kwa mpangilio huo, na kikombe cha juu kisikauke. Tone likianguka kwenye rangi ya tenki mwagia maji haraka, linababua.

SWALI: Mambo fundi. Mi ni mdada, nina TVS yangu napenda kuihudumia mwenyewe, mafundi wakiniona tu bei inapanda. Nianze na vifaa gani? Nimepanga Sinza, mwenye nyumba hataki kuona oili kwenye sakafu. (Dada wa Sinza)

JIBU: Poa dada'angu, karibu sana chamani. Usinunue lile sanduku kubwa linalong'aa lenye vitu mia, nusu hutavigusa na nusu vitapinda. Spana nzuri chache: 8, 10, 12, 13, 14, 17. Spana ya plagi, pima yako kwanza, maana plagi nyembamba za uzi wa milimita 10 zinataka 16 na zile za uzi wa 12 zinataka 18, ukikosea unarudi tena Kariakoo na jua lile. Bisibisi ya nyota nunua ya ubora, na kama injini ina skrubu za nyota zilizokwama tafuta bisibisi ya kugonga na nyundo, ukilazimisha ya kawaida unazila vichwa halafu unaanza kutafuta mtu wa kuchomelea. Fila geji, mita ya umeme, geji ya upepo wa tairi. Gerezani utapata spana za mitumba imara kuliko mpya nyingi, zikague midomo kama haijatanuka.

Habari ya mwenye nyumba: boksi la friji, lile karatasi gumu, waombe wa duka la vyombo vya umeme wanalitupa. Litandike, juu yake beseni pana. Akipita mkaribishe aone. Na kila unachofungua kipige picha kwa simu kabla hujakigusa, bolti zake zichomeke kwenye matundu utakayotoboa kwenye boksi hilohilo, kwa mpangilio wa mahali zilipotoka.

Kuhusu bei, fundi ukimwambia "betri inasoma 12.7 na chaji inapanda 14, tatizo ni swichi ya stata" hana tena pa kupandishia.

SWALI: Nakaa Kigamboni karibu na bahari. Kutu inanimaliza, hadi ndani ya tenki, filta ndogo ya mafuta inaziba kila mara. (Mwana Kigamboni)

JIBU: Chumvi ya hewani hiyo, haina dawa ya mara moja. Nje, ioshe kwa maji baridi ya kawaida kila ukitoka ufukweni, na mashine za kuosha kwa presha zisielekezwe kwenye beringi wala soketi za umeme. Ikikauka pitisha kitambaa chenye oili kidogo kwenye spoku, rimu na bolti, ila diski, dramu na tairi usivisogelee na hicho kitambaa.

Ndani ya tenki: litoe, mwaga petroli yote, toa koki na uzibe tundu lake. Jaza siki nyeupe, iache ilale. Asubuhi imwage, ikiwa kutu ni nene tia nati chache za zamani utikise kisha uzihesabu zinapotoka. Suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia kuua asidi, suuza maji safi, halafu hapa ndo pa kukimbia, likauke upesi kwa upepo na jua kali, maana chuma kilichosafishwa kinaanza kutu upya mbele ya macho yako. Likikauka zungushia oili kidogo ndani, rudisha, jaza petroli. Tangu hapo usilaze tenki nusu, lijaze, ile nafasi ya juu ndo unyevu unapojigeuza maji.

SWALI: Nikitoa filta ya hewa kabisa itakimbia zaidi? Washkaji wanasema inapumua. (Chanika)

JIBU: Inapumua vumbi la Chanika. Irudishe leo.

SWALI: Nimeuziwa tairi "jipya", linang'aa, ila lina nyufa ndogo ubavuni. (Gongo la Mboto)

JIBU: Tafuta ubavuni maandishi DOT na mwisho wake namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 1417 ni wiki ya 14 ya 2017. Huko kung'aa ni dawa ya kupaka. Ukikuta namba hizo zimekwanguliwa au mwaka ni wa zamani na nyufa unaziona kwa macho, lirudishe na risiti, na kama amekataa usilifunge mbele hata kama hela imekuuma.